Haiachi Kitu

Fundi saa hakuwahi kumrudishia mteja saa yake siku ileile aliyoitengeneza. Hata kama ugonjwa wenyewe ulikuwa vumbi tu, hata kama mteja amesimama pale barazani akigonga kisigino kwa haraka, jibu lilikuwa moja: "Acha niivae kwanza." Basi aliivaa, akala nayo, akalala nayo, na asubuhi akailinganisha na saa ya redio. Ikiwa haijateleza, ndipo alipoivua na kuifuta na kuiweka kwenye bahasha ya mwenyewe. Siku za kazi nyingi mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa saa mpaka karibu na kiwiko, na wapita njia walimuuliza kama siku hizi anauza au anaiba. Yeye alicheka tu. Watu wakampachika jina la Bwana Vaa, nalo likamkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Siku hizi saa za mkono zimekuwa chache, maana kila mtu anatazama simu, lakini Bwana Vaa hakuwa mtu wa kulialia. Meza yake kwenye baraza la duka la vitambaa ilimtosha. Alibadilisha betri, alitoboa mikanda matundu mapya kwa walionenepa na waliokonda, na alipata habari za mtaa mzima bila kuinuka kwenye kiti. Mkewe alikuwa akimtania kwamba hawezi kununua hata jozi ya soksi bila kuitembeza dukani kutoka ukuta huu hadi ule. Hilo si uongo. Wenye duka la soksi wanamjua.

Sasa mtu wa namna hiyo, umpe kitu kinachoitwa Linux ndani ya flashi, umempa nini tena kama si sikukuu?

Ilikuja hivi. Binti yao, ambaye kazi yake ni kompyuta huko mji wa mbali, alikuja kuwasalimia akaikuta laptopu ya nyumbani inajikokota. Ukiiwasha, ulikuwa na muda wa kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe, ndipo nayo ipate fahamu. Binti akahamishia picha zote za familia kwenye diski yake ya nje, kisha akachomoa flashi mfukoni na kuiweka mezani mbele ya baba yake.

"Baba, mashine yenyewe nzima, ila mfumo uliomo umeizidi nguvu. Humu kuna mwingine, mwepesi. Unachomeka, unawasha, unafanya kazi kutoka humuhumu kwenye flashi. Diski ya laptopu haiguswi kabisa. Jaribu sauti, jaribu intaneti, jaribu printa. Ukiridhika, kuna kitufe kimeandikwa Sakinisha. Ukikibonyeza hicho, ndiyo inaingia ndani moja kwa moja."

"Yaani naivaa kwanza?"

"Eh, baba. Unaivaa kwanza."

Tangu hapo ilikuwa ni raha tupu. Kila alipotoka barazani, Bwana Vaa alichomeka flashi, akawasha, akaangalia rangi zile tulivu zikitokea kwenye kioo, akasugua viganja. Alijaribu sauti kwa nyimbo za ujana wake mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna arusi. Alijaribu intaneti kwa kutazama hali ya hewa ya miji ambayo hana ndugu hata mmoja. Alijaribu printa, ikatoa karatasi ya majaribio yenye mistari ya rangi, naye akaibandika ukutani juu ya meza kana kwamba ni cheti. Binti alipopiga simu alimuuliza, "Umesakinisha?" Akajibiwa, "Bado naivaa." Wiki iliyofuata akauliza tena, akajibiwa vilevile.

"Baba, hata saa ya ukutani ungekuwa umeshaivua!"

"Saa ya ukutani haivaliwi, mwanangu," alijibu Bwana Vaa kwa upole. Kwa mambo ya saa hakuwa na utani.

Mkewe hakujishughulisha na mambo hayo. Yeye alikuwa mkuu wa madobi wa hospitali, na alikuwa kule tangu akiwa msichana anayebebeshwa vikapu. Vidole vyake vilikuwa vimelainika kwa maji kiasi kwamba simu ya kugusa ilikuwa haimsikii mpaka aibonyeze mara kadhaa. Aliyapima mambo yote ya dunia kwa madoa. Mtu mwenye tabia mbaya alikuwa "doa la chai", maana unadhani limetoka, nguo ikikauka unaliona lile pale. Na sabuni ikiwa nzuri, lakini nzuri kwelikweli, alikuwa na sifa moja tu ya kuipa: "Haiachi kitu."

Mwezi huo alikuwa anastaafu. Sherehe ya kumuaga ilipangwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa chakula wa hospitali, na metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa amemwambia wazi kwamba wanataka hotuba. Hapo ndipo mama wa watu aliposhikwa. Huyu ambaye aliwahi kumgombeza daktari bingwa mbele ya wagonjwa kwa kufutia viatu shuka, huyu hakuwa na la kusema kwenye karatasi. Alianza, akachana. Akaanza tena, akachana. Alisema kila akiandika "Mheshimiwa mgeni rasmi" anahisi usingizi. Ilimuuma kweli, maana alikuwa na mengi moyoni kuhusu chumba kile cha mvuke na wanawake waliopita humo, na hakutaka kuondoka kama mtu aliyechomoa kadi ya mahudhurio akaenda zake.

Jumamosi asubuhi Bwana Vaa alikuwa anajiandaa kumpelekea mteja saa yake. Laptopu ilikuwa inawaka mezani, imevaa Linux yake kama kawaida. Mkewe akasimama nyuma ya kiti na taulo begani.

"Hiki kioo chako kipya kimetulia," alisema. "Hakina mavitu yanayorukaruka. Nikijaribu kuandikia humu hotuba yangu, nitakuharibia?"

"Huwezi kuharibu chochote, mama. Hapo tunaivaa tu. Andika unavyotaka, bonyeza unapotaka. Ukizima, haiachi kitu."

"Haiachi kitu?"

"Haiachi kitu kabisa!"

Mama akatabasamu, akavuta kiti. Naye Bwana Vaa akatoka zake huku moyo mweupe, kwa furaha kwamba mkewe leo ameikubali Linux.

Watu hawa wamelala kitanda kimoja miaka na miaka, wamelea, wamezika, wamegombana na kupatana kwa lugha moja, na bado siku hiyo maneno mawili yalipishana mlangoni bila kusalimiana. Mume alimaanisha kwamba yote yaliyofanywa humo yanaishi kwenye kumbukumbu ya muda tu, ukizima yanatoweka. Mke alisikia sifa ya sabuni bora: kazi safi, haina doa, haina wasiwasi. Sielewi ni nani wa kulaumiwa hapo, ila najua ni nani aliyelaumiwa.

Akaandika. Alikuja kumsimulia mumewe baadaye kwamba hakujua yalikokuwa yamejificha maneno yale. Alimruka mgeni rasmi, akaanza na mashine kubwa ya kufulia waliyoipa jina la Shangazi kwa sababu ilikuwa inanung'unika hata ikiwa tupu. Kutoka hapo yakaja yenyewe. Alicheka peke yake, akalia kidogo peke yake, akapangusa macho na taulo lilelile. Alipomaliza aliihifadhi kama alivyofundishwa na binti yake, akaipa jina Hotuba, akaiona ikitokea pale juu ya kioo kama kikaratasi kidogo cheupe. Akafunga kila kitu vizuri, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akabeba ndoo yake akaenda uani kuanika.

Bwana Vaa aliporudi alimkuta uani akiimba na kibanio cha nguo mdomoni. Hakuwa amemsikia akiimba tangu habari ya hotuba ianze. Alimpungia mkono, akaingia ndani, akakaa mbele ya laptopu, na pale pale akakata shauri: leo ndiyo leo. Kila kitu kilikuwa kimefanya kazi, hakuna kilichoteleza. Leo anasakinisha.

Lakini yeye ni yeye. Kabla ya kuvua, alitaka kuizima na kuiwasha mara ya mwisho, aone kama inaamka vizuri, kama vile anavyoipigia saa kofi dogo la mgongoni kabla ya kuitia kwenye bahasha. Kikaratasi cheupe juu ya kioo alikiona. Akadhani ni mapambo ya mfumo. Akabonyeza Zima. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi ya kumwambia atoe flashi kisha abonyeze Enter, na yeye, mtu mtiifu kwa maelekezo, akaitoa, akabonyeza, akaifuta flashi kwenye shati lake akaridhika.

Mkewe akaingia na ndoo tupu.

"Haya, mzee. Ichapishe hotuba yangu niione. Mbili, moja ya akiba."

"Hotuba ipi?"

"Nimeiandika. Nimemaliza! Iko pale juu ya kioo, nimeipa na jina."

Bwana Vaa alitazama flashi mkononi, akatazama kioo cheusi, akatazama flashi tena. Angeweza kusema mashine imeharibika. Wazo hilo lilimpitia, nisimsingizie kwamba halikumpitia. Lakini uso wa mkewe ulikuwa unang'aa kiasi kwamba alishindwa hata kuutazama vizuri, achilia mbali kuudanganya.

"Mama," alisema. "Nimeizima."

"Si uiwashe."

"Nilikwambia ukizima haiachi kitu."

Maneno yale mawili yaligeuka ndani ya kichwa cha mkewe taratibu, akayaona upande wa pili. Akaiweka ndoo chini.

"Ulimaanisha *hivyo*?"

Bwana Vaa alichomeka flashi haraka haraka, akawasha. Rangi zile tulivu zikatokea, na kioo kikawa safi kabisa, hakuna kikaratasi wala alama ya kikaratasi. Kwa mara ya kwanza usafi ule ulimchukiza. Akampigia binti simu, akaeleza kwa kigugumizi, na binti akaachia pumzi ndefu.

"Baba, ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika kwenye mashine, basi. Hata mimi siwezi kuirudisha."

"Hakuna namna? Hata kidogo?"

"Hakuna, baba. Mpe pole mama." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na pole na wewe."

Jikoni masufuria yalianza kuoshwa. Yalikuwa masafi tangu asubuhi, lakini yalioshwa, na kwa kelele ambayo haikuhitaji maelezo. Bwana Vaa alikaa akashika tama. Amevaa saa za watu maisha yake yote bila kupoteza hata moja, leo anakuja kupoteza kitu ambacho hakikuwa chake, tena kitu ambacho mkewe alikitafuta kwa taabu, tena kesho ndiyo siku yenyewe. Alijichukia. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akarudi, akaenda tena, akarudi tena.

Mara ya tatu masufuria yalikuwa yamenyamaza. Mkewe alikuwa ameegemea karo, mabega yanatetemeka, na Bwana Vaa akadhani analia. Kumbe anacheka.

"Nimekumbuka nilivyokuuliza," alisema huku anapangusa macho. "Haiachi kitu? Na wewe, kifua mbele: haiachi kitu kabisa! Ukasema kabisa, baba watoto. Kabisa!"

"Nisamehe, mama."

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Njoo hapa. Hicho kitufe cha kuiingiza moja kwa moja kiko wapi?"

"Sakinisha?"

"Kibonyeze. Leo. Mbele ya macho yangu. Halafu utakaa hapo uandike wewe, mimi nitasema."

Bwana Vaa hakubisha. Mfumo ulimuuliza kama ana hakika ya kufuta kila kitu cha zamani kwenye diski, na mkono ukamsita kidogo kwa mazoea. Mkewe akakohoa. Akabonyeza. Mstari wa maendeleo ukaanza kutambaa, na wote wawili wakakaa wanautazama kama watu wanaosubiri maji ya chai. Ulipofika mwisho mashine ikajizima, ikajiwasha yenyewe bila flashi, upesi kiasi kwamba mkewe akasema, "Eh!" bila kutaka.

Kisha kazi ikaanza. Bwana Vaa ni hodari wa koleo na darubini ya jicho moja, lakini kwenye kibodi ana vidole viwili, na hivyo viwili haviaminiani. Mkewe alisema sentensi, akasubiri, akaenda kukunja shuka, akarudi, akasema nyingine. Shangazi akaingia. Akaingia yule mzee wa boila, mwangalizi wa mtambo wa mvuke, aliyekuwa akiwapashia moto viporo vyao bila kuombwa. Wakaingia wanawake watatu waliojifungua wodi ya juu wakati shuka walizozifua wenyewe asubuhi zingali na joto la pasi. Bwana Vaa alikuwa anayasikia mengine kwa mara ya kwanza. Alijua mkewe anafua shuka. Hakujua kwamba mgonjwa mahututi alipopelekewa shuka, mkewe alikuwa akiipitisha shavuni kwanza, asije akapelekewa kitu kinachochoma. Akaacha kuandika, akamtazama.

"Unaandika au unaota?" mkewe akamuuliza.

"Naandika. Hili nalo lilikuwemo asubuhi?"

"Hili halikuwemo. Limekuja sasa."

Kila baada ya aya Bwana Vaa alihifadhi, akapandisha ukurasa, akaushusha, akahakikisha ipo, akahifadhi tena. Jua lilikuwa limeshaondoka dirishani walipokaribia mwisho, na hapo mkewe akasita. Alikunja kona ya shuka, akaikunjua.

"Hapa palikuwa na mstari wako."

"Wangu?"

"Mmoja tu. Ulikuwa mzuri. Niliusoma mara mbili." Alifumba macho, midomo ikacheza, akafumbua. "Siukumbuki."

"Ulianzaje?"

"Ningejua ulivyoanza si ningeujua wote? Mashine na mzee wa boila wamerudi, wewe umekataa kurudi. Acha nafasi hapo. Mstari ukija, nitaujaza kwa kalamu."

Akaacha nafasi. Akachapisha nakala mbili, moja ya akiba, na printa haikuleta matata. Lakini jioni yote Bwana Vaa alikuwa kama mtu aliyesahau kufunga mlango wa nyumba. Alimuuliza mkewe wakati wa kula kama mstari umekuja. Alimuuliza wakati anazima taa. Alipendekeza maneno mawili matatu ili kumsaidia, na mkewe akamwambia kwamba mtu hajisifii mwenyewe halafu akaomba mwingine aweke sahihi. Asubuhi alimuuliza tena kwa macho tu, na mkewe akatikisa kichwa. Ikamuuma. Amepoteza hotuba nzima, imerudi, tena imerudi nzuri kuliko mwanzo, na kilichobaki kupotea ni kile kilichosemwa juu yake. Alitamani sana kujua, na hakuwa na uso wa kulalamika.

Ukumbi wa chakula ulikuwa umejaa. Wauguzi walikuja na sare zao, madobi walikuja na nguo za kupendeza ambazo hawakuwahi kuonana wamezivaa, na Bwana Vaa alikaa safu ya nyuma karibu na mlango wa jikoni, saa moja tu mkononi, yake mwenyewe. Metroni akamkaribisha mkewe. Mkewe akakunjua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaanza na Shangazi.

Kicheko cha kwanza kiliinuka kabla hajamaliza sentensi. Cha pili kilichelewa kidogo, kwa sababu madobi walikuwa wanatazamana kuhakikisha kwamba kweli amelisema hadharani lile lao la ndani. Alipofika kwenye shuka na shavu, ukumbi ulitulia mpaka ikasikika friji ya jikoni. Muuguzi mmoja wa makamo alitoa leso. Bwana Vaa alikuwa anaifuata hotuba kwa midomo, aya kwa aya, kwani aliijua yote kwa vidole vyake viwili, na kadiri nafasi ile tupu ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kuinama.

Mkewe akafika hapo. Akaweka kidole kwenye nafasi ile.

"Hapa palikuwa na mstari," alisema. "Ulikuwa wa mume wangu. Umepotea, na aliyeupoteza mnaye humu ndani."

Watu wakacheka, vichwa vikaanza kugeuka. Bwana Vaa akatazama viatu vyake.

"Nimeutafuta tangu jana. Sijaupata, na sitaki kuweka mwingine wa kubandika. Kwa hiyo, baba watoto, simama."

Bwana Vaa akanyanyua uso. Mkewe alikuwa ameishusha karatasi kabisa na anamtazama yeye, juu ya vichwa vya watu wote wale, kwa macho ambayo hakuwa ameyaona muda mrefu.

"Simama wakuone."

Akasimama. Hakujua mikono aipeleke wapi, akaishika pamoja mbele, akaiachia. Mzee wa boila alikuwa wa kwanza kupiga makofi, kisha safu yake, kisha ukumbi mzima. Bwana Vaa aliinamisha kichwa kushukuru, akapapasa kiti nyuma yake ili akae. Lakini mkewe alikuwa bado anamtazama, na alikuwa hajaendelea kusoma. Bwana Vaa akaelewa kwamba mstari wake ndio huo, akakiacha kiti.